Dada yangu hataki nimguse mtoto

SWALI

Shikamoo mama muuguzi. Naishi Kayole na dada yangu na mume wake, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Mtoto wao ana miezi tisa. Alipozaliwa alichelewa kulia, sasa madaktari wanasema ana mtindio wa ubongo. Majuzi alilazwa wiki saba kwa nimonia, ameruhusiwa akiwa na mrija wa puani wa kumlishia, dawa ya kifafa, na mashine ya oksijeni ya kutumia usiku. Shemeji yuko godauni kando ya barabara ya Mombasa, wiki nyingine anaingia zamu ya usiku. Mimi ni msusi, nafika nyumbani saa moja jioni. Dada amekonda, halali, hacheki. Nikimwambia apumzike anasema yuko sawa. Jumapili nilishika ule mrija nikimsogeza mtoto, akanifokea mbele za wageni mpaka nikatoka nje kulia. Alhamisi ijayo wana kliniki. Nimsaidieje mtu asiyetaka kusaidiwa?
Mama mdogo, Kayole

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la Jumapili, maana ndilo lililokuuma na ndilo linaloeleza mengine yote.

Nimekaa wodi za watoto hapa Nairobi zaidi ya miaka ishirini. Sikuwepo dada yako alipofundishwa mrija, lakini naweza kukusimulia kana kwamba nilikuwepo. Ni asubuhi ya kuruhusiwa, wodi imejaa, wauguzi wachache wanakimbizana. Shemeji yako yuko chini kwenye foleni ya malipo. Muuguzi anamwonyesha dada yako mara moja, labda mbili, huku akiitwa kitanda kingine, na anamwachia onyo: mrija ukiingia kwenye mapafu badala ya tumbo, maziwa yatamiminika huko na mtoto anaweza kufa. Kisha linakuja swali letu la siku zote, "Umeelewa, mama?" Ameelewa. Anatia sahihi, anambeba mtoto, na wodi nzima inashuka naye ngazi. Muuguzi wa mchana ni yeye, wa usiku ni yeye, mfamasia ni yeye.

Sasa wewe ukashika mrija. Alichoona yeye ni mkono ambao haujafundishwa ukigusa kitu alichoambiwa kinaua. Angefoka hata angekuwa mama yenu mzazi. Usimdai radhi.

Hapo nina deni langu pia. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja niliyofanya kazi, nilimruhusu mtoto wa miezi mitano mwenye mrija kama huo. Nilimuuliza mama yake kama ameelewa, akaitikia. Siku ya nane walirudi, mtoto macho yameingia ndani na kilo zimepungua. Nilimwambia mama anionyeshe anavyomlisha, nikitegemea kuona kosa. Alifanya vizuri kuliko wanafunzi wangu. Kilichomshinda kilikuwa usiku. Alikuwa peke yake, usingizi unamwangusha, akaogopa atasinzia sirinji ikiwa mkononi na mtoto apaliwe. Akaona heri mtoto alale na njaa. Milo nane ikawa mitano. Ukimfikiria vizuri, yule mama hakuwa mjinga hata kidogo. Alipima hatari mbili akachagua moja. Mimi ndiye niliyempa mtu mmoja kazi ya watu watatu, halafu nikamuuliza kama ameelewa.

Tangu siku ile, kabla mtoto wa namna hii hajatoka wodini, nauliza swali jingine: nyumbani nani mwingine atajua kumlisha? Nikikosa jina, najua kazi yangu haijaisha. Kwa dada yako naona hakuna aliyeuliza. Jina hilo ningependa liwe lako.

Hebu piga hesabu nami uone kwa nini nasisitiza. Watoto wengi wa mrija hulishwa kila baada ya saa tatu, na nadhani huyu wenu ni hivyo hivyo. Hiyo ni mara nane kwa siku. Kunawa mikono, kupasha na kupima maziwa, kuhakikisha mrija uko mahali pake, kuacha maziwa yashuke polepole dakika kumi na tano hadi ishirini, kumweka wima nusu saa ili yasipande, kuosha vyombo, kuandika. Saa nzima imekwenda. Mara nane, ni saa nane, kazi ya ofisini kamili, kabla hujagusa dawa, nepi, kupika na kufua. Tena saa hizo hazikukaa pamoja, zimetapakaa mchana na usiku, kwa hiyo kati ya mlo na mlo hapati saa mbili kamili za usingizi, na hapo ni kama mtoto amelala na mashine haijalia. Mtu wa hali hiyo ukimwambia "pumzika", anasikia "ruka mlo mmoja". Ndiyo maana anakujibu yuko sawa.

Basi jifunze mrija. Kufua ni msaada, kuleta ndizi ni msaada, lakini majirani wanaweza kuvifanya hivyo. Wewe jifunze kumlisha huyu mtoto toka mwanzo hadi mwisho, mbele ya muuguzi, mpaka dada yako mwenyewe aridhike kukugeuzia mgongo.

Namna ya kumwambia ina maana. Usimwulize "nikusaidie nini?" Swali hilo linampa kazi nyingine, ya kufikiria kwa niaba yako. Mwambie hivi tu: "Alhamisi nimeomba ruhusa saluni. Naja nanyi kliniki wanifundishe mrija." Huenda akanyamaza. Kunyamaza si kukataa.

Kliniki, muuguzi akikuonyesha, usikubali yaishie kwenye kuonyeshwa. Sema, "Sasa nifanye mimi, uniangalie." Ukikosea, kosa lionekane hapo. Mkirudi nyumbani, wiki ya kwanza kila jioni ulishe wewe huku dada amekaa ubavuni. Atakusahihisha, pengine kwa ukali. Vumilia; kipindi hicho yeye ndiye mwalimu, na ni mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mtu kumtendea kama anayejua kitu.

Nikupe mambo yenyewe kidogo ili maneno ya muuguzi yasiwe mageni siku hiyo. Mrija una alama ya kalamu au plasta pale unapoingilia puani. Kitu cha kwanza kila mlo ni kutazama alama hiyo kama imesogea. Cha pili, unavuta majimaji kidogo ya tumboni kwa sirinji na kuyadondosha kwenye kijikaratasi cha kupimia asidi. Tumbo lina asidi, mapafu hayana, na kipimo kinachokubalika ni 5.5 kushuka chini. Kama mtoto anapewa dawa ya kupunguza asidi, kipimo hicho kinaweza kupotosha, kwa hiyo mwulize muuguzi mfanyeje. Utawasikia wakongwe wakisema unapuliza hewa kwa sirinji na kusikiliza tumbo likinguruma. Nasi tulifundishwa hivyo zamani. Usitegemee hilo, hewa ikipulizwa mapafuni nayo husikika huko tumboni.

Mtoto anakaa kichwa kikiwa juu, nusu wima, kwenye paja lako au juu ya mto mgumu. Unatoa kile kijiti cha kusukumia, unabaki na bomba tupu la sirinji, unamimina maziwa na kuyaacha yashuke yenyewe. Mkono wako ndio bomba la maji: ukiinua sirinji yanakwenda haraka, ukishusha yanapungua. Usisukume kwa nguvu hata ukiwa na haraka, hata ukisikia mrija mzito. Mwisho unapitisha maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kwa kiasi walichowaambia, ili maziwa yasigandie ndani. Akikohoa, akitapika au akibadilika rangi katikati ya mlo, simamisha hapo hapo na ubane mrija. Asipotulia mara moja, au midomo ikiwa ya buluu, mrija unatolewa na mnaenda hospitali. Muuguzi akufundishe hata kule kuutoa. Ni jambo la sekunde mbili, lakini asiyewahi kulifanya huganda.

Na mrija ukichomoka wenyewe? Utachomoka, mtoto wa miezi tisa ana vidole. Kama hakuna aliyefundishwa kuurudisha, msijaribu kwa video za simu. Nendeni ukarudishwe. Soksi safi mikononi usiku hupunguza safari hizo.

Sasa zamu. Hapa ndipo utakapomwona dada yako akirudi. Milo ya usiku, kwa mfano, ni saa tatu, saa sita na saa tisa. Wewe unarudi saa moja. Dada alishe ule wa saa kumi na mbili jioni, ale, aoge, na saa mbili awe amelala, kwenye chumba, mlango umefungwa, simu yake umeishika wewe. Mtoto na mashine uko nao wewe sebuleni. Ulishe saa tatu, ulishe saa sita, saa saba usiku mwamshe ashike zamu ya saa tisa. Yeye amepata saa tano za mfululizo, pengine hajazipata tangu mtoto alazwe. Wewe unalala mpaka saa moja asubuhi na saluni unafika. Anzeni na siku tatu kwa wiki. Usijitolee siku saba kwa huruma ya wiki ya kwanza. Ukizimika wewe nawe, nyumba itakuwa na wagonjwa watatu.

Usiku wa kwanza atatoka chumbani mara nne kuchungulia. Mwache achungulie.

Shemeji usimwache nje. Sisi wauguzi tuna kasoro hiyo, tunaongea na mama tu, baba anakuwa mtu wa kulipa na kubeba mizigo, halafu tunashangaa akiogopa kumshika mwanawe. Siku zake za mapumziko achukue mlo wa saa tisa usiku. Afundishwe na mkewe au na wewe. Nimewaona wanaume wenye mikono ya kubeba magunia wakishika sirinji kwa utulivu kutushinda.

Kwenye ukuta wa sebule bandikeni karatasi moja kubwa, maandishi ya kusomeka na mtu mwenye hofu. Iwe na jina la mtoto, uzito, ugonjwa, dawa na kipimo chake kwa mililita, oksijeni anapewa lita ngapi, na namba za simu. Karatasi ya kuruhusiwa ipigeni picha, iwe kwenye simu zenu zote tatu. Kando ya karatasi ya ukutani wekeni daftari la kawaida la shule, kila mlo, kila dawa, kila kifafa kiandikwe na saa yake. Daftari hilo litawaondolea ule ugomvi wa saa tisa usiku, "Ulimpa dawa au hukumpa?" Na daktari akilifungua kliniki, mtapata majibu ambayo mama aliyechoka hawezi kuyatoa kwa kukumbuka.

Hali za kukimbia hospitali pia ziandikwe hapo. Kupumua: hesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia, kwa umri wake, 50 au zaidi ni haraka mno, na akishatimiza mwaka ni 40. Mbavu zinazoingia ndani akivuta hewa, kukoroma kila pumzi, midomo ya buluu, kutapika kila kitu, usingizi usio wa kawaida. Kifafa: mlaze ubavu, angalia saa, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimlishe mpaka azinduke vizuri. Kikipita dakika tano ni hospitali. Kama kuna mtu wa pili, arekodi kwa simu. Sekunde thelathini za video humsaidia daktari kuliko maelezo ya robo saa. Na fenobabitoni, kama ndiyo dawa yake, haikatwi ghafla kwa kuwa chupa imeisha Ijumaa ya Pasaka. Inunuliwe ikibaki ya wiki moja.

Jambo dogo ambalo halimo kwenye vitabu vyetu: geti la ploti. Mengi Kayole hufungwa usiku na ufunguo uko kwa mlinzi au kwa mwenye nyumba. Ombeni ufunguo wenu kabla hamjauhitaji. Mwekeni sawa mwenye teksi mmoja wa karibu, aje aone mlango, ajue kuna mtoto wa oksijeni. Kutoka kwenu hospitali ya Mama Lucy si mbali. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo, iwe juu ya ile karatasi. Na mkifika mlango wa dharura, mtu yeyote akianza na pesa, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Semeni kwa adabu, lakini semeni.

Mashine ya oksijeni ina mambo yake na stima ina yake. Mashine za lita tano hula karibu wati 350. Ikiwaka saa kumi kila usiku, ni uniti tatu na nusu, kwa mwezi uniti mia na ushee. Watu hushtuka tokeni zikiyeyuka wakadhani mita ina kasoro. Kumbe bei za stima hapa kwetu hupangwa kwa matumizi: nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, na ikipita 100 inapandishwa hadi daraja la juu, kwa hiyo mnaungua mara mbili. Kaeni na shemeji mlipange hilo kama kodi ya nyumba. Na kama mita ni ya ploti nzima, ongeeni na mwenye nyumba mapema, msingoje majirani waanze kunung'unika. Stima ikipotea, mna nini? Waulizeni Alhamisi: mtoto anaweza kukaa muda gani bila oksijeni, na mtungi wa akiba tunapata wapi. Lita zilizowekwa msiziongeze kwa kumwonea huruma. Jiko la makaa, mshumaa na kiberiti visikaribie chumba hicho. Kwenye chumba na sebule najua hilo ni gumu, basi kupika kuishe kabla mashine haijawashwa, dirisha likiwa wazi. Kichujio cha nyuma cha sponji kioshwe kila wiki. Vumbi la Kayole unalijua.

Pesa nitazipitia haraka, kwa sababu haya mnaweza kuyafuatilia mchana na simu mkononi. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Shemeji akiwa ameajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, ila hakikisheni mtoto ameandikishwa chini yake, wengi hugundua hayumo wakiwa tayari mapokezi. Pili, mtoto apelekwe akatathminiwe ulemavu kwenye hospitali ya serikali, kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apewe kadi. Bila hiyo kadi milango mingi haifunguki. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Haitoshi tokeni na nepi, na kuingia kwenye orodha huchukua subira, lakini asiyeandikishwa hana hata pa kusubiri. Ulizeni pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu ni nani. Hao wametapakaa nchi nzima tangu 2023, na mmoja akiwajua kwa jina atawapunguzia safari. Hizi foleni za karatasi zichukue wewe au shemeji. Dada asipange foleni hata moja.

Wageni sasa. Nyumba yenye mtoto wa namna hii hujaa watu Jumapili, nusu wana mafua. Anayepaswa kusema "shangazi, ukipona kikohozi utarudi" ni wewe, ili dada asiitwe mwenye kiburi. Simama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni. Kuna pia wale wanaomwita mama shujaa, eti Mungu humpa mzigo anayeweza kuubeba. Wana nia njema na sitawasema vibaya, ila nimeona sifa hiyo ikimfunga mtu mdomo. Shujaa halii mbele za watu, wala hasemi amechoka.

Hukumtaja nyanya yenu, lakini katika familia nyingi ninazozijua yupo, na yuko upande wa maombi au wa dawa za miti, au anataka mtoto apelekwe ushago "apate hewa". Msibishane naye. Mpeni kazi. Nyanya akimkanda mtoto miguu kama alivyoonyesha mtaalamu wa tiba ya viungo, akimwimbia, akimshika nusu saa ile ya wima baada ya mlo, anakuwa upande wenu. Maombi yaendelee. Kitu kimoja tu kisikubaliwe: chochote kupitishwa kwenye mrija ambacho kliniki haikukiagiza, iwe uji mzito, asali au maji ya mizizi.

La mwisho ni dada yako mwenyewe, na hapa nataka usome polepole. Kukonda na kutocheka kwa mtu asiyelala ni jambo la kawaida. Mpe wiki mbili za hizo zamu. Akianza kulala na kula, na jioni moja akakutania kuhusu nywele zako, tulia. Lakini kama amepewa nafasi ya kulala na bado anakesha macho makavu, kama hataki kumtazama mtoto, au anasema mngekuwa na raha bila yeye, hapo si uchovu tena. Mwulize wazi, mkiwa wawili: "Dada, umewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumpandii wazo, nimeuliza mara nyingi na aghalabu mtu hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Wengine hunyamaza kwa hofu ya polisi, maana sheria ilikuwa inamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mhalifu; Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho Januari 2025. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, pigeni 1199, au mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa na kuna watu wa kuongea naye, na atapona huku akiendelea kumlea mwanawe.

Ulichoniuliza ni vipi umsaidie asiyetaka kusaidiwa. Mimi sijaona kwenye barua yako mtu asiyetaka. Nimeona mama aliyefundishwa peke yake.

Alhamisi fikeni mapema. Bebeni sirinji yake mliyozoea, maziwa ya milo miwili, nepi za ziada na lile daftari, hata kama lina kurasa tatu tu. Foleni ya kliniki hizi mara nyingi hufika saa nane, na mlo wa saa sita mchana utawakuta kwenye benchi. Huo mwombe dada akuachie wewe, muuguzi akiwa karibu.